Jani la Mchu Ndani ya Bahasha

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Huku sote hatujambo, nyanyako mafua yamempoa, na upepo wa kusi umeanza. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kilichomo ndani ya bahasha hii hakipiti kwenye simu.

Yale masomo ya kuchora uliyoyalipia kwenye intaneti, ukayaacha somo la tatu, nimeyachukua mimi. Ulipokwenda Eldoret tableti ilibaki kabatini, na nywila umeiandika nyuma yake. Kila siku baada ya isha nasikiliza kidogo, kisha nachora hadi macho yachoke. Nimefika somo la kumi na moja.

Ulipoacha ulisema, "Mama, mimi sina kipaji," nami nikanyamaza. Nilikosea kunyamaza.

Wajua nimewapaka maharusi hina na piko kwa miaka 30. Waridi na majani mkono wajiendea wenyewe, hata nikizungumza na mtu. Basi mwalimu aliposema tuchore ua, nikaweka asumini mezani, nikachora. Nilipomaliza nikaona nimechora ua la piko. La mezani sikulitazama hata mara tatu. Nililia kidogo usiku ule, nakwambia kweli. Miaka yote hiyo nachora maua, na ua lililo mbele yangu sikuliona.

Dawa yake ni lile zoezi la kwanza ambalo wewe uliliona la kitoto: kuchora bila kutazama karatasi. Jicho litambae ukingoni mwa jani polepole kama konokono, na penseli itambae nalo, isitangulie. Mchoro hutoka umepotoka, haidhuru. Pale hufundishwi mkono, wafundishwa jicho. Mimi nililirudia siku tisa.

Mwalimu ni wa Uingereza, na yeye hutumia majani ya mwaloni, mti wa kwao. Mimi nikachuma mwarobaini kwa jirani. Mwanangu, nimekuchemshia majani hayo tangu uko mdogo, kila homa ikikushika, na sikuwahi kujua kuwa kila jani lake dogo limepinda kama jambia, wala kuwa mshipa wa kati haukati katikati: upande mmoja ni mpana kuliko mwenziwe. Mtu akiligawa nusu mbili sawa, mchoro utapendeza lakini hautakuwa mwarobaini.

Kisha likaja yai. Hapo ndipo nilipotaka ufike. Yai jeupe juu ya karatasi nyeupe, na mwanga utoke juu upande wa kushoto. Wachoraji wa vitabu vya sayansi wana desturi hiyo, ili mtazamaji ajue mara moja kipi kimevimba na kipi kimebonyea. Nililiweka karibu na dirisha la barazani asubuhi. Nikakuta weupe wenyewe ni mahali padogo tu, kama ukucha. Pengine pote ni kijivu, kijivu kinachozidi kukolea kadiri yai linavyozunguka kuupa mwanga mgongo. Lakini chini kabisa, karibu na meza, giza linapungua tena, maana meza yarudisha mwanga juu. Utepe huo mwembamba ukiusahau, yai huwa duara lililopakwa masizi. Ukiubakisha, linavimba, unataka kulishika.

Kwa kazi hiyo penseli moja haitoshi. Zenye herufi H ni ngumu na alama yake ni hafifu, zenye B ni laini na nyeusi. Anza na 2H, malizia na 4B, na usikandamize. Ukikandamiza mapema karatasi yaingia mfuo, na ufutio hauuondoi.

Juma lililopita nilipanda tuktuk hadi Tudor maji yakiwa yamekupwa, nikakaa kando ya mikoko. Mwalimu amesema tuchague mti wa kwetu tuuchore mzima, na mimi nimelala chini ya boriti za mkoko maisha yangu yote. Nilizijua boriti, mti wenyewe sikuujua. Mizizi yake imesimama juu ya tope kama miguu ya kaa. Mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti, ikarefuka na kuning'inia, ndipo ianguke. Kuichora mizizi ile moja moja nilishindwa, yachanganya macho. Nikakumbuka somo la nne, nikachora nafasi zilizo baina yake, vile vipande vya tope na maji vinavyoonekana katikati. Nilipovimaliza vipande, mizizi ilikuwa imeshajichora.

Kuna mwanamke mmoja, Maria Sibylla Merian, mzaliwa wa Ujerumani. Mwaka 1699 alipanda merikebu kutoka Amsterdam hadi Suriname, Amerika ya Kusini, na binti yake mdogo, kuchora wadudu pamoja na mimea wanayoila. Alikuwa na miaka 52. Ndiyo miaka yangu. Tangu nilisome jambo hilo sina raha mpaka wewe nawe urudi kwenye karatasi.

Kwa hiyo nimekutilia jani la mchu, aina nyingine ya mikoko, katikati ya vipande viwili vya gazeti. Mimi nimeshachora mwenzake wa tawi lilelile. Lichore kwanza juu, kisha ligeuze. Chini rangi yake ni nyingine, yaelekea kijivu. Chukua siku unazotaka, halafu unitumie mchoro wako kwa basi, nami nitakutumia wangu, tuone nani ameona nini.

Na usilipanguse kabla ya kulichora. Chembe nyeupe utakazoziona juu yake si vumbi. Mchu hunywa maji ya bahari, na chumvi huitoa kwenye majani. Zichore nazo.

Mamako