Ile Pini Ilikuwa Yangu

Ujiji, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea, na nimefurahi kusikia umefika Dar salama. Mama yako anauliza kama yale mawese hayakumwagika kwenye begi. Mjibu hilo kabla ya mengine yote, maana kila asubuhi ananiuliza mimi kana kwamba tulisafiri pamoja.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu nimeshindwa mara tatu. Kila nikianza unaniuliza habari za mguu wangu, nami nashukuru kupata pa kukimbilia, naeleza mguu mpaka salio linakwisha.

Siku ile baada ya mashindano ya baiskeli ulikaa juu ya ndoo pale kwenye banda langu, magoti yamejaa vumbi jekundu, ukamwambia mama yako, "Nilibadilisha gia vibaya mlimani, cheni ikakatika." Nilikuwa nanawa mikono kwa mafuta ya taa. Nikakusikia vizuri, nikaendelea kunawa.

Hukubadilisha gia vibaya, mama. Cheni niliiharibu mimi usiku wa kuamkia mashindano.

Unakumbuka ulikuja na cheni mpya ndani ya kiboksi. Ilikuwa ndefu, nikaikata pingili kadhaa ikukae sawa, nikaiunga kwa kuirudisha pini ileile niliyoitoa. Ulitaka kusema kitu. Nikakwambia nenda kalale, kesho una kilomita 64, baba yako alianza kuunga cheni kabla hujazaliwa. Na kweli nilianza zamani. Ila cheni nilizozizoea ni za baiskeli ya Phoenix, ile ya mizigo isiyo na gia. Ile pini yake nene, unaitoa kwa msumari na nyundo, unairudisha, unapiga mara mbili, kazi imekwisha. Nilibebea mawese hivyo miaka yote, madumu manne ya lita 20, kutoka vijijini hadi soko la Mwanga. Spoki zilikatika. Tairi lilipasuka nikalijaza majani makavu nikaendelea na safari. Cheni niliyoiunga mimi haikuwahi kuniangusha, na hapo ndipo kiburi kilipoanzia.

Kilichonidanganya ni macho. Pingili za baiskeli yako na za Phoenix zina urefu mmoja, nusu inchi kutoka pini hadi pini, ukiziweka sambamba huoni tofauti. Tofauti iko kwenye unene. Yako ina gia tisa nyuma, kwa hiyo cheni ni nyembamba, na ncha za pini zimebonyezwa kiwandani zikatanuka kidogo kama kichwa cha ribiti. Ukiisukuma itoke, kile kichwa kinakwanguka. Ukiirudisha inaingia vizuri, inazunguka vizuri, lakini hakuna tena kinachoishika zaidi ya kule kubana kwake tundu. Kwenye tambarare itakubeba. Mlimani, mtu akikanyaga kwa uzito wake wote, bamba la ubavuni mwa pingili linachomoka kwenye pini.

Haya yote nimeyajua baada ya wewe kuondoka. Kile kipande kilichokatika ulikiacha juu ya meza, nikavaa miwani nikakiangalia juani. Pini zote zina vichwa pande mbili. Moja tu haina. Nikampelekea yule kijana wa Mwanga anayetengeneza baiskeli za gia, akacheka, akaniuliza ni fundi gani huyo. Aliponiangalia usoni akaacha kucheka.

Sasa turudi kule mlimani. Wenzako wa Dar walifikiri Kigoma ni ziwani kwa hiyo ni tambarare. Ziwa lenyewe liko mita kama 773 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Kasulu unapanda mpaka unapita mita 1,200, ila hupandi mara moja. Unapanda, unashuka, unapanda tena, na kila mteremko unakunyang'anya ulichokichuma. Nilipanda bodaboda nikakusubiri kwenye ile kona yenye mwembe, kilomita ya 39. Ulikuja wa nne kati ya wanawake. Nilihesabu mara mbili. Nikasikia ule mlio, ta!, nikaona miguu yako inazunguka bure, ukalalia usukani.

Nilikuwa na spana mfukoni. Msimamizi alinyoosha mkono kabla sijainua mguu: nje ya vituo, hakuna mtu kugusa baiskeli ya mshindani. Nikakumbuka ile habari uliyonisomea ya yule Mfaransa, Eugène Christophe, aliyevunjikiwa uma wa mbele kwenye Tour de France mwaka 1913. Alitembea na baiskeli yake zaidi ya kilomita 10 hadi kwa mhunzi, akautengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na bado wakampa adhabu kwa sababu kijana mmoja alimvukutia moto. Nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka, nikasema wazungu wana roho mbaya. Pale kwenye kona sikucheka.

Ulipindua baiskeli, ukatoa kile kifaa kidogo cha pini kwenye mfuko wa chini ya kiti. Ncha ya cheni uliishika kwa meno ili mikono yote miwili ipate nafasi, grisi nyeusi ikakuchora mdomo hadi kidevuni. Ulitoa pingili iliyopinda, ukasukuma pini kidogokidogo bila kuitoa yote, ukaiacha imening'inia kwenye bamba la nyuma, ukaunga. Kidole chako kikawa kinaipinda pingili kushoto na kulia mpaka ilegee. Hilo la kidole nilikufundisha mimi ulipokuwa darasa la tano. Wanawake saba walikupita, kisha nikaacha kuhesabu. Dakika 26 kwa saa yangu. Hukuniangalia hata mara moja, nami nilijua ni kwa sababu ukiniangalia utalia.

Halafu ukafanya jambo ambalo mimi, kwa umri wako, nisingelifanya: hukuipanda. Ulijua cheni ile sasa haina nguvu, ukasukuma kwa miguu hadi kileleni, na nimeambiwa ulifanya hivyo kila mlima uliobaki, ukipanda baiskeli kwenye tambarare na mteremko tu. Mimi ningekanyaga kwa hasira nikaikata tena hatua ishirini mbele. Ulipofika walikuwa wanakunja utepe. Mama yako aliwazuia, unamjua.

Nilipaswa kukwambia jioni ileile. Nilikaa kimya kwa sababu watu wawili walikuwa pale bandani wanasubiri pancha zao, na fundi kukiri mbele ya wateja si jambo dogo, lakini wateja waliondoka na bado sikusema. Nilikupeleka stesheni, nikakupandishia mizigo, treni ikaondoka.

Kuna kingine. Juzi nilifagia banda. Chini ya meza, kwenye kopo la gololi, nimekuta kimfuko cha nailoni kilichotoka kwenye kiboksi chako. Nadhani ndicho ulichotaka kunionyesha usiku ule. Ndani yake kuna pingili ya kuungia, nusu mbili, haihitaji nyundo wala pini. Kijana wa Mwanga amenielekeza: unazipishanisha, unabana breki ya nyuma, unakanyaga pedeli mpaka isikike ta. Nimejaribu juu ya kipande cha cheni yako mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Iko ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwenye karatasi ya daftari. Usiitumie huko. Ukija Desemba njoo nayo na njoo na baiskeli. Nitakushikia tochi, utafunga wewe.

Baba yako