Kichujio cha kaboni hakiondoi chumvi

Mhariri,

Wako wauzaji wa vichujio hapa Mombasa wanaowaambia wenye visima vya Kisauni kwamba kaboni amilifu itayatoa maji chumvi. Si kweli, na bei yenyewe si ya mchezo.

Kaboni hiyo hutengenezwa hata kwa vifuu vya nazi, hivi tunavyochochea moto. Huchomwa bila hewa, kisha hupitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1000, ikabaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Kuta za vitundu vya gramu moja tu, zikitandazwa, hupita mita mraba 500. Klorini huvunjwa humo, na harufu na dawa nyingi za wadudu hunata humo. Hali kadhalika mvuke wa rangi kwenye barakoa za wapiga rangi. Mkaa wa jikoni hauna nguvu hiyo, tusidanganyane.

Chumvi hupita. Vijidudu navyo kaboni haiviui, kwa hiyo maji ya kisima bado yachemshwe. Tena kaboni hujaa, na ikijaa haishiki kitu. Wauzaji walazimishwe kuandika kwenye kila kichujio kinaondoa nini na kibadilishwe lini.

Msomaji wako,
Likoni, Mombasa