Mkuza wa umeme Songea–Masasi: vijiji visikilizwe kabla ya vigingi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie njia ya kusafirisha umeme ya msongo wa kilovolti 220 inayokusudiwa kutoka Songea, kupitia Tunduru na Masasi, hadi Mahumbika mkoani Lindi. Niseme tangu mwanzo kwamba siandiki kuipinga. Mikoa ya Lindi na Mtwara iliishi miaka mingi nje ya Gridi ya Taifa ikitegemea mitambo ya gesi iliyoko Mtwara, na kila mkazi wa huku anajua kwamba mtambo ukipata hitilafu hapakuwa na pengine pa kuazima umeme. Wenzetu wa Ruvuma wamekwisha kuonja tofauti: laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipofika Songea mwaka 2018, mji uliokuwa ukitegemea majenereta ya dizeli uliingia kwenye gridi. Kuziunganisha ncha hizo mbili kutatufaa sisi siku mitambo yetu inapokwama, na kutawafaa wao siku laini ya Makambako inapokatika.

Ninachotaka kukisema kinahusu namna mkuza wenyewe, yaani ukanda wa ardhi unaoachwa wazi chini ya nyaya, unavyopangwa. Mara nyingi mwanakijiji hukutana na mradi wa aina hii siku anapowaona wapima shambani kwake na vigingi vyao, wakati upembuzi yakinifu umekwisha kufanyika, njia imekwisha kuchaguliwa, na kilichobaki ni kuhesabu miti na nyumba. Mkutano wa kijiji unaoitishwa baada ya hapo ni wa kupokea taarifa tu, hata kama muhtasari wake utaandika kwamba wananchi walishirikishwa. Mkoa wa Mtwara una sababu ya kuwa mwangalifu katika hili, kwa maana vurugu za mwaka 2013 kuhusu bomba la gesi zilizuka baada ya watu kuona kwamba jambo kubwa limekwisha kuamuliwa na wao hawajaelezwa watabaki na nini.

Uzito wa jambo hili huku kwetu uko kwenye korosho. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, hushauri mikorosho ipandwe kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, yaani karibu miti 70 kwa hekta. Tuchukulie, kwa mfano, mkuza wenye upana wa mita 40: kila kilomita moja itameza hekta 4, na ikipita katikati ya mashamba, itaondoa mikorosho ipatayo 280. Mkorosho huanza kuzaa mwaka wa tatu, lakini mavuno ya kumtosha mtu kulipa ada na kuezeka nyumba huja miaka kadhaa baadaye, kwa hiyo anayelipwa leo na kupanda kesho, akibahatika kupata pa kupanda, atakaa misimu mingi bila kupeleka gunia ghalani. Ndiyo maana naomba viwango vya fidia vitangazwe mapema kwa umri wa mti, kwa Kiswahili, na vibandikwe ofisi za vijiji, badala ya mkulima kukutana navyo kwenye karatasi anayotakiwa kutia saini papo hapo. Na ielezwe vilevile ni mazao gani yataruhusiwa chini ya nyaya. Ufuta ni mfupi. Je, mbaazi, ambayo hurefuka kuliko mtu?

Sheria, kwa maandishi, inamlinda mwananchi vizuri. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inaipa tathmini ya fidia uhai wa miaka miwili, na ikipita bila malipo hurudiwa. Kanuni za Fidia za mwaka 2001 zinadai riba malipo yakichelewa kupita miezi sita. Linaloumiza ni kipindi cha katikati. Mtu akishahesabiwa huambiwa asiongeze kitu: asipande mche mpya, asiendeleze msingi wa nyumba aliokuwa ameuanza, na wala hajui angoje mpaka lini. Kwa maoni yangu dawa ni moja, nayo ni kwamba tathmini isianze katika kijiji chochote mpaka fedha za fidia za kijiji hicho ziwe zimekwisha kutengwa. Kama fedha hazipo, wapima wabaki mjini.

Kuhusu njia yenyewe, sidhani kwamba kanuni moja inafaa safari nzima. Kati ya Namtumbo na Tunduru kuna ushoroba, yaani njia ya wanyamapori, unaounganisha Pori la Akiba la Selous na Hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, ambako tembo hupita na kugombana na wakulima kila msimu. Huko laini ingefuata barabara ya lami kwa karibu, ili pasifyekwe njia nyingine porini itakayorahisisha kazi ya majangili. Lakini ikifika Nanyumbu na Masasi hali inageuka, kwa kuwa vijiji vimejipanga kandokando ya barabara hiyohiyo na mikorosho imeanzia nyuma ya nyumba. Hapa inafaa isogezwe mbali, hata kwa kuzunguka. Mhandisi atajibu kwamba kila kona inahitaji mnara mzito zaidi, wenye msingi mkubwa na bei kubwa kuliko mnara wa sehemu iliyonyooka. Atakuwa amesema kweli, ila hesabu hiyo ioneshwe sambamba na hesabu ya fidia na nyumba zitakazookolewa, ndipo tujue ipi ni nafuu.

Liko pia swali ambalo kila mzee mkutanini atauliza: umeme unapita juu yetu, sisi tunapata nini? Ajibiwe kwa ukweli kwamba laini ya kilovolti 220 haiwezi kuchomolewa umeme kwa transfoma ya kijiji, bali hupitia kwanza kituo cha kupoza umeme, na kutoka hapo laini za kilovolti 33 ndizo husambaza. Vijiji vilivyo mbali vimekwisha kupata nguzo za REA, Wakala wa Nishati Vijijini, lakini umeme huwafikia ukiwa hafifu kwa urefu wa safari. Naiomba TANESCO, itakapopeleka ramani ya mkuza katika kila kijiji, ichore humohumo laini hizo za kilovolti 33 na mwaka unaotarajiwa kujengwa kila moja.

Mkulima wa korosho,
Masasi, Mtwara.