Baba alisimama akasema, "Wasitoboe"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nyakato, Mwanza. Baba yangu mzazi ana miaka 71, tunaishi naye tangu mwaka juzi alipofanyiwa upasuaji wa macho. Mama yupo Muleba anaangalia migomba na kahawa, huja na kurudi. Jambo linalonisumbua lilianza na muvi.

Jumamosi moja mwanangu wa kwanza, ana miaka 12, alirudi na flashi kutoka kwa kijana anayeuza muvi stendi. Ilikuwa habari ya kweli ya wale watoto wa Thailand, timu ya mpira, 12 na kocha wao, walioingia pangoni Juni 2018 mvua ikawafungia humo. Imetafsiriwa, na mtafsiri mwenyewe ni wale wenye mdomo, kila mtu anambatiza jina la Kiswahili. Tukajipanga sebuleni na mahindi ya kuchemsha, Baba kwenye kiti chake. Si mtu wa televisheni; taarifa ya habari ikiisha huenda kulala. Siku hiyo akakaa. Walipofika kwa wale wakulima waliokubali mashamba yao ya mpunga yajazwe maji, Baba akasema, "Hao ndio watu."

Kisha mtafsiri akasema wakubwa wanafikiria kutoboa mlima wawatoe watoto kwa juu. Baba akasimama. Hindi likaanguka. Akasema, wala si kwa kelele, "Wasitoboe. Waambieni wasitoboe." Mtafsiri anaendelea kutania, na kitinda mimba wangu anacheka akidhani Babu naye anatania. Nikazima.

Shangazi, huenda umeshaelewa. Baba alikuwa kwenye meli ya MV Bukoba, Ziwa Victoria, tarehe 21 Mei 1996. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Ninayoyajua niliyaokota kwa Mama na kwa majirani, si kwake: kwamba asubuhi ile alipanda juu kupunga upepo, akamwacha baba yangu mdogo chini amelala. Meli ilipopinduka, na Mwanza si mbali tena, alitupwa majini, mtumbwi wa wavuvi ukamwokota. Meli ikabaki inaelea kifudifudi, waliomo ndani wanagonga. Waliokuja kuokoa wakatoboa tundu. Hewa ileile iliyokuwa imeibeba meli, ambayo ndiyo watu walikuwa wakiivuta, ikatoka, na meli ikaenda chini nao. Walikufa watu zaidi ya 800. Wengi walizikwa Igoma, hapahapa Mwanza. Baba mdogo hakuonekana, sisi tunahesabu yumo humo.

Tangu hapo Baba hapandi chombo cha majini. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijakamilika, kwenda Muleba alikuwa akizunguka Shinyanga na Kahama, siku nzima barabarani, ili tu asikanyage kivuko. Na kila Mei 21 huondoka alfajiri, akarudi jioni viatu vimejaa vumbi. Hatuulizi.

Sasa usiku wa manane namsikia sebuleni. Mara ya tatu nikamfuata, nikamkuta gizani ameielekea televisheni iliyozimwa.

"Wale watoto walitoka?"

"Walitoka, Baba."

"Wote?"

"Wote, na kocha wao."

Akanyamaza kitambo. "Kwa hiyo hawakutoboa." Nikamwambia hawakutolewa kwa juu, walipitishwa mulemule majini, walichomwa sindano za usingizi wazamiaji wakawatoa mmoja mmoja, kwa siku tatu. Akasema, "Nataka kuona."

Hapo ndipo nilipokwama. Sikumwambia habari za Saman Kunan, mzamiaji wa Thailand aliyekufa akirudi kutoka kupeleka mitungi ya hewa. Mwanangu, aliyemalizia muvi kwa rafiki yake, anasema yumo.

Mama kwenye simu amekuja juu: kidonda kimefunga, mnakichokonoa cha nini? Mume wangu anasema tumpeleke kwanza kwa mtaalamu wa saikolojia, nami naona ana hoja, ila ukitaja hospitali Baba anauliza ni nani anaumwa. Mwanangu yeye anataka aitazame na Babu mpaka mwisho. Ameanza kumuuliza maswali, na cha ajabu Baba anamjibu. Juzi nilikuwa napita na ndoo nikamsikia akimwambia, "Ilikuwa inasikika hivi," akagonga meza kwa vifundo vya vidole, taratibu, mara tatu. Mtoto naye akagonga. Miaka yote hiyo mimi sijawahi kuambiwa, na nakiri nilisikia wivu, wivu wa kumwonea mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Naomba unishauri. Niwaache waitazame? Nimtangulizie Baba habari za Saman, au nikae kimya akutane naye mwenyewe aone nilimficha? Na mtoto wa miaka 12, mzigo huu ni wa kumbebesha kweli? Nijibu mapema, Shangazi, maana flashi niliificha kwenye kopo la sukari, na jana nimekuta kifuniko kimekaa upande.

Binti yake,
Mwanza