Barua kwa Mwanangu: Hao Ndivyo Walivyo

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Sisi huku Bagamoyo hatujambo, na mama yako anakusalimu sana.

Habari ya mwenzenu aliyekula michango ya kikundi imeniuma. Lakini ulipomaliza kunisimulia ulisema, "Baba, watu wa kabila lile ndivyo walivyo." Hilo limeniuma zaidi, ndiyo maana nakuandikia.

Kauli hiyo haisemi ni wote, wala wengi, wala wangapi. Tunasema mbu huambukiza malaria, na hakuna anayebisha, ingawa ni majike ya Anofelesi tu, tena wachache kati yao ndio wenye vimelea. Maneno ya namna hii huaminika bila hesabu. Hata nikikuletea watu waaminifu wa kabila lile, utaniambia hao ni wa pekee, na kauli yako itabaki palepale. Kwa mbu haidhuru, tunatungika chandarua tukalala. Mtoto akisikia hivyo juu ya binadamu, hamwoni tena mtu aliyetenda jambo. Anaona tabia iliyomo damuni.

Na wenye kutaka kutawala wanaijua nguvu hiyo. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilikuja kutwaa forodha za mwambao huu na kutweka bendera yake. Watu wakakataa, kuanzia Pangani hadi hapa kwetu. Bushiri bin Salim, aliyewaongoza, alikuwa na asili ya Kiarabu, ni kweli. Lakini waliopigana walikuwamo Waswahili wa mijini, Wazigua, watu wa kila namna, na Bwana Heri wa Saadani alikuwa mtu wa pwani hii hii. Huko Berlin wote wakaitwa Waarabu, na vita ikaitwa uasi wa Waarabu.

Kwa nini Waarabu? Kwa sababu Ulaya wakati ule ilikwisha kuaminishwa kwamba Mwarabu ndiye mfanyabiashara ya watumwa. Biashara hiyo ilikuwapo, na mji wetu ulishiriki, sikufichi. Ila wabunge wa Ujerumani hawakuombwa fedha za kuiokoa kampuni iliyowachokoza watu. Waliombwa za kukomesha utumwa na kulinda maslahi ya Ujerumani, na Januari 1889 wakaidhinisha marki milioni 2. Hermann von Wissmann akaja na askari, wengi wao Wasudani aliowaandika Misri. Desemba mwaka ule Bushiri akanyongwa Pangani. Madai ya forodha na bendera hayakusikilizwa na mtu, maana waliokuwa nayo walikwisha kugeuzwa kuwa "Waarabu" tu.

Waingereza nao, chini ya Gavana Donald Cameron aliyekuja 1925, waliendesha nchi kwa kushika kwamba kila Mwafrika ana kabila na kila kabila lina mkuu wake. Pasipokuwa na mkuu, alitafutwa. Katika hilo kabila unalolilaani leo, mwanangu, umo mkono wa serikali iliyotaka kodi na utulivu.

Aliyekula michango ana jina, na nadhani kuna daftari la mweka hazina. Mwiteni yeye, mumsomee tarehe na kiasi, mbele ya wanakikundi wote, wakiwamo wa kabila lake, maana nao walichanga. Kisha nipigie unieleze amejibu nini.

Baba yako