Mheshimiwa Mkurugenzi, toleo jipya la programu ni la bure

Assalaam alaykum Mheshimiwa,

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za ofisini zote umezipokea, muhuri wa kupokelewa ninao, jawabu ndio sina.

Ile kompyuta ya mradi wa kupanga madaraja ya karafuu hapa Chake Chake imeingiliwa. Wiki iliopita tumefungua ofisi asubuhi tukaikuta feni inapiga kelele na hakuna alieipa kazi, picha hazifunguki, na orodha ya wakulima, majina, simu, kilo walizouza, saa hizi sijui iko mikononi mwa nani. Mie nadhani ni ile modeli ya akili mnemba alioileta mgeni wa semina kwenye flashi, eti inajua kutenga karafuu na makonyo, ikapakiwa pale pale watu wakapiga makofi. Ushahidi sina, kumbukumbu za mashine zimefutwa.

Lakini si nilishakwambia? Aprili 2025 lilipotoka tangazo la CVE-2025-32434, yaani tundu la usalama kwenye PyTorch, ile programu ya bure inayoendesha modeli, ukali 9.3 kati ya 10, nilikuletea kwa maandishi: faili la modeli la aina ya pickle si namba tupu, linaweza kubeba amri, ukilifungua tu mashine inatekeleza. Kila mtu alikuwa anajikinga kwa weights_only, yaani kuiamrisha programu isome namba tu, kumbe kwenye PyTorch 2.5.1 na zilizotangulia hiyo kinga nayo ina tundu. Dawa ni kupanda 2.6.0, na ilikuwa imeshatoka tokea Januari. Bure kabisa.

Ukajibu kwa mdomo kwamba hakuna bajeti, tusubiri kamati ya manunuzi. Manunuzi ya kitu kisichouzwa, Mheshimiwa! Na ndio wewe uliesema mbele ya masheha siku ya ufunguzi kuwa taarifa za mkulima ni amana. Picha yako unakata utepe bado iko ukutani juu ya ile mashine, kwa hiyo shahidi tunae.

Anaetukanwa mie. Wakulima wanapigiwa simu na watu wanaojitia wanunuzi, wanatajiwa mpaka kilo zao, mzee mmoja kanifata nyumbani baada ya Isha ananiuliza "mwanangu, mmetuuza?" Nimjibu nini, kamati haijakaa?

Na sasa nasikia huko Unguja mnasema vya bure ndio vilivyo, bora tununue programu ya kulipia. Wallahi hapana. Tundu lilionekana kwa sababu msimbo wa programu uko wazi kwa kila mtu kuusoma, wenyewe wakaliziba wakatangaza, sie ndio tuliokaa nalo.

Sitaki posho wala semina nyengine. Nataka ruhusa ya kupandisha toleo, na modeli za kutoka nje ziwe za safetensors, faili lisilobeba amri. Hiyo ya pili hata ikichelewa, ruhusa tu Mheshimiwa, hata kwa ujumbe wa simu. Mashine ya Wete bado iko 2.5.1 na Jumatatu wanaletewa modeli nyengine kwa flashi. Bando nitatia langu.