Wadudu hawajaisha

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, mwenzangu. Picha za msitu wenu uliolazwa na tufani zimeniuma. Lakini ulipoandika kwamba hata wadudu wamekwisha, nikaona nikujibu leo hii hii, maana hapo sikubaliani nawe.

Wapo wanaopungua, kweli. Wale waliozoea kivuli na unyevunyevu hawavumilii jua likipiga hadi chini. Ila nafasi yao haikai wazi. Kimbunga Hugo kilipopita Puerto Rico, Septemba 1989, kiliunyonyoa majani msitu wa Luquillo. Mimea michanga ikachipua kwa fujo, na viwavi wakaifuata kwa makundi. Mimea waliyoipenda ilipopungua, na vimelea vikawaandama, wakatoweka.

Mambo makubwa zaidi yako chini ya gome. Chukua misprusi ya Ulaya, ile miti ya jamii ya misonobari. Mti mzima ukitobolewa humwaga utomvu unaomzamisha mbawakawa wa gome, mdudu anayetoboa magome ili kuzaa humo, papo hapo mlangoni. Ulioanguka hauna nguvu hiyo. Dume, mdogo wa milimita tano hivi, hutoboa na kutoa harufu ya kuwaita wenzake. Jike huchimba njia kufuata urefu wa shina akitaga kushoto na kulia, na kila buu huchimba kijia chake cha pembeni, kinachopanuka kadiri anavyonenepa. Bandua gome uone; utadhani ni nakshi za mlango. Wakizidi, huvamia hata miti iliyosimama. Tufani Lothar ilipopita Desemba 26, 1999, Uswisi ilihangaika nao kwa miaka, na joto la 2003 likazidisha balaa. Hofu ya wenye misitu naielewa kabisa.

Lakini gome likishakauka, hao hawana haja tena na gogo. Huingia mbawakawa wengine wenye vipapasio virefu, ambao mabuu yao huweza kukaa ndani ya mbao miaka kadhaa, na walaji wa kuvu. Pale penye jua maua huchanua, nyuki na vipepeo wakaja. Uswisi, maeneo yaliyoangushwa yalikutwa na aina nyingi za wadudu kuliko msitu uliosalimika. Na palipoachwa magogo hapakuwa na wadudu wale wale wa paliposafishwa.

Kwa hiyo kikao cha kuondoa miti kikiitishwa, tafadhali simama useme. Kama kuna misprusi mibichi iliyoanguka, itolewe kabla kizazi kipya hakijaruka. Magogo yaliyokwisha kupukutika gome yaachwe yalipo, na sehemu nyingine ya msitu isiguswe kabisa. Niandikie walichoamua.

Wako,
Mwanaidi